Arosto Ikiisha Ndipo Hatari Inapoanza

Katika mji huu wa Mombasa hakuna mtaa usioujua unga, yaani heroini. Mtu wa Mji wa Kale, wa Majengo, wa Likoni, wa Changamwe au wa Kisauni akikwambia kwamba hamjui teja, yaani mraibu wa unga, hata mmoja, basi ama amehamia juzi ama kuna jambo la nyumbani kwake analolisitiri. Tunawatambua kwa mwendo, kwa sauti ya puani wanapoomba shilingi ishirini, na kwa namna wanavyosinzia wima, magoti yamepinda, bila kuanguka. Hata hivyo, kwa muda wote niliokaa nyuma ya kaunta ya duka la dawa huku Kisauni, nimeona kwamba tumeuzoea unga bila kujua ni wakati gani unaua. Siku ambazo mtu anaacha tunakesha naye, na siku ambazo ameshaacha tunalala usingizi, ilhali kifo hungojea zaidi katika hizo siku za pili.

Wanaokuja dukani kwa habari hii wengi ni kina mama, nao huja saa ambazo hakuna wateja wengine. “Daktari,” husema, maana huku kila aliye nyuma ya kaunta ya dawa huitwa daktari, “kijana yuko ndani nimemfungia. Yuwatapika tangu jana. Nipe kitu cha kumlaza mpaka Ijumaa.” Mmoja wao, mama mtu mzima aliyevaa buibui lililopigwa pasi vizuri kama anayekwenda harusini, aliniomba niandike kwenye risiti kwamba amenunua dawa ya presha, kwa kuwa mumewe huzikagua risiti na hakuambiwa kwamba mwanawe amerudi nyumbani. Nilimpa chumvi za kuchanganya na maji, dawa ya kutuliza maumivu na maelezo ya jinsi ya kumnywesha kidogo kidogo. Tembe za usingizi sikumpa, na nikamweleza sababu: kijana akitoroka usiku akiwa na tembe hizo tumboni, kisha akapata kete, yaani kipimo kidogo cha unga, vitu hivyo viwili kwa pamoja huikandamiza pumzi kuliko kimoja peke yake.

Kwa wasiowahi kuishuhudia, arosto, yaani mateso ya mwili uliozoea unga unapoukosa, huanza saa chache baada ya kete ya mwisho. Mtu hupiga miayo mfululizo, machozi na makamasi humtoka bila mafua, malaika humsimama katika joto la Februari, kisha tumbo humsokota, akahara na kutapika, mifupa ikamuuma na miguu ikawa haitulii kitandani. Siku ya pili na ya tatu ndizo kali zaidi, na baada ya wiki moja hivi mwili huwa umeanza kupoa, ijapokuwa usingizi na hamu ya chakula hukawia kurudi. Ni mateso makubwa, lakini kwa kijana mwenye afya anayepewa maji ya kutosha, arosto ya heroini peke yake ni nadra kuua. (Pombe na tembe za usingizi ni habari nyingine kabisa. Aliyezizoea sana akiziacha ghafla anaweza kupata kifafa na kufa, kwa hiyo huyo asifungiwe nyumbani hata siku moja, apelekwe hospitali.)

Kwa sababu arosto inaonekana na inasikika, ndiyo ambayo familia zimeiwekea mikakati yote. Kuna wanaomfunga kijana kwa mnyororo na kufuli kwenye chuma cha kitanda, kuna wanaompeleka kwa mjomba shambani ambako hakuna maskani, yaani kijiwe cha mateja, kuna wanaomsomea Qurani na kumnywesha kombe, na kuna wanaouza kipande cha ardhi ili alazwe katika kituo cha marekebisho kwa miezi mitatu. Sibezi hata moja kati ya hizo, kwa kuwa nimeona mapenzi yaliyomo ndani yake, ingawa mnyororo naukataa waziwazi. Ninalolalamikia ni kwamba mipango hiyo yote huishia siku ambayo kijana anafunguliwa. Nyumba hupikwa biriani, jamaa huitwa, shukrani hutolewa, na kuanzia Jumatatu inayofuata hakuna mwenye ratiba tena.

Heroini ikishaingia mwilini hugeuka kuwa mofini, na mofini hushika zile sehemu za ubongo zinazosimamia maumivu, raha na pumzi. Pumzi ndiyo ya kuangaliwa hapo. Mwili unaopokea unga kila siku hujizoesha: kete iliyomtosha mtu mwezi wa kwanza haimtoshi mwezi wa sita, na hufika mahali anatumia kipimo ambacho kingemuua mgeni, tena anakitumia bila raha yoyote, ili tu aweze kusimama na kwenda kutafuta cha jioni. Arosto ikiisha, mazoea hayo huondoka nayo. Kijana aliyekaa majuma kadhaa ndani, akanenepa kidogo na kuanza kuonekana msikitini, mwili wake umerudi kuwa wa mgeni, lakini kichwa chake bado kinakumbuka kipimo cha zamani. Akiteleza siku moja kwa hasira, kwa huzuni au kwa kukutana tu na rafiki wa maskani pale Kongowea, hutumia kile kile alichokuwa akitumia, na mara nyingi hukitumia akiwa amejifungia chooni ili nyumbani wasijue kwamba amerudia. Pumzi hupungua, midomo na kucha hubadilika rangi, kifua kikakoroma, na anayepita nje akisikia mkoromo huo hudhani mtu amelala.

Hali ni hiyo hiyo kwa anayetoka gereza la Shimo la Tewa baada ya kifungo, na tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kwamba majuma ya kwanza baada ya gereza ni miongoni mwa nyakati za hatari kubwa zaidi katika maisha ya mraibu wa heroini. Mtaani husemwa kwamba kijana fulani “alifanyiwa kitu” kwa kuwa alikuwa ameshaacha na afya imemrudia. Aliuawa na kipimo chake cha zamani.

Yafaa kukumbuka tulikotoka. Unga ulianza kuonekana Pwani ya Kenya katika miaka ya 1980, utalii ulipokuwa umeshamiri, na ule wa mwanzo ulikuwa wa rangi ya kahawia, uliovutwa kwa moshi au kuchanganywa na bangi katika msokoto unaoitwa kokteli. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 ukaingia unga mweupe, ambao huyeyuka majini kwa urahisi, na sindano zikaufuata. Njia yake inajulikana: afyuni hulimwa Afghanistan, heroini hupitishwa Pakistan na Iran hadi pwani ya Makran, na kutoka huko hupakiwa kwenye majahazi yanayoteremka Bahari ya Hindi mpaka kwetu. Mnamo Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilinasa kilo 1,032 za heroini ndani ya jahazi mkabala na Mombasa. Julai mwaka huo huo meli ya Al Noor ikazuiliwa ikiwa na heroini ndani ya tangi la dizeli, na mwezi uliofuata Rais Uhuru Kenyatta akashuhudia ikilipuliwa baharini. Watoto wawili wa marehemu Akasha, mlanguzi wa dawa za kulevya, walipelekwa Marekani Januari 2017, wakakiri makosa mwaka uliofuata, na mkubwa wao, Baktash, akahukumiwa kifungo cha miaka 25 mwaka 2019. Nilifurahi kama wengine. Lakini kutoka kaunta yangu sikuona tofauti yoyote. Mateja walikuja kuomba sindano Jumatatu kama walivyokuja Ijumaa.

Kuna wakati mmoja tu ambao unga ulitoweka kweli kweli, nao unafundisha zaidi ya kesi zote hizo. Mwishoni mwa 2010 na kuingia 2011 kulikuwa na uhaba mkubwa wa heroini Pwani nzima. Mtu angetarajia kwamba huo ungekuwa mwisho wa balaa, kwa kuwa ndilo jambo ambalo kila hotuba ya jukwaani huliomba. Kilichotokea ni kwamba mamia ya watu waliingia arosto kwa pamoja, wakati nchi haikuwa na methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, katika hospitali yoyote ya umma. Wako waliotafuta matibabu na kukuta milango michache, na wako waliojaza pengo kwa pombe, kwa bugizi, ambazo ni tembe za usingizi, na kwa chochote kilichouzwa kikiitwa unga. Kisha unga ukarudi, ukakuta miili iliyopoteza mazoea. Nasisitiza jambo hili kwa sababu huenda likajirudia. Aprili 2022 watawala wa Afghanistan walipiga marufuku kilimo cha afyuni, na Umoja wa Mataifa ukaripoti kwamba eneo linalolimwa lilipungua kwa takriban asilimia 95 kufikia mwaka 2023. Akiba ya zamani haiwezi kutosha milele, na bidhaa inapoadimika wauzaji huichanganya na vitu vingine, hata mtumiaji asijue leo amevuta nini.

Tofauti kati ya wakati ule na sasa ni methadoni. Kenya ilianza kuitoa katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014, Malindi ikafuata mwanzoni mwa 2015, na baadaye Kisauni ikapata kliniki yake. Foleni huanza mapema asubuhi. Mtu hutambuliwa kwa kumbukumbu zake, humiminiwa dawa ya maji katika kikombe kidogo, huinywa mbele ya mhudumu, kisha hunywa maji na kusema maneno mawili matatu ili ionekane kwamba amemeza, kwa kuwa dawa iliyofichwa shavuni inaweza kuuzwa nje. Kinachofanyika mwilini ni rahisi kueleza: methadoni hushika sehemu zile zile za ubongo ambazo heroini huzishika, lakini hukaa kwa saa 24 na zaidi, na kwa aliyewekewa kipimo chake sawasawa haimpi stimu wala haimwachii arosto. Anaweza kwenda kupakua samaki, kuendesha bodaboda, kumpeleka mtoto madrasa. Na kwa hoja yangu ya leo, faida yake kubwa ni kwamba mwili haupotezi mazoea. Anayekunywa methadoni akiteleza, ana nafasi nzuri zaidi ya kuamka kuliko aliyefungiwa ndani mwezi mzima bila dawa yoyote.

Wapo wanaosema, tena kwa nia njema, kwamba huko ni kubadilisha ulevi wa maskani kwa ulevi wa serikali. Nimeyasikia maneno hayo barazani, na mara moja kwenye mawaidha baada ya sala ya Ijumaa. Jibu langu ni la kidaktari zaidi kuliko la kifiqhi: Shirika la Afya Duniani liliiweka methadoni katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2005, na mgonjwa wa kisukari anayejidunga insulini kila siku hatumwambii kwamba ana ulevi. Swali la Ramadhani, yaani dawa inayonywewa mbele ya mhudumu saa za mchana, ni la kweli na linahitaji wanazuoni na wauguzi kukaa pamoja. Kulitumia ili kuikataa dawa nzima ni haraka isiyo na sababu. MEWA, shirika la Waislamu lenye makao yake hapa hapa Mombasa, limewahudumia waraibu kwa miaka mingi, na shirika la Reachout vilevile, na kule Malindi mradi wa Omari ulianza mwaka 1995, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba mambo haya ni ya wageni.

Methadoni si muujiza. Anayeinywa na kuongeza pombe au bugizi anarudi kwenye hatari ile ile ya pumzi. Halafu kuna nauli. Mtu wa Likoni huvuka feri, akapanda matatu, akanywa dawa yake kwa dakika mbili, kisha akarudi njia ile ile, kila siku ya Mungu, na yule yule tunamtaka awe na kazi inayoanza saa moja. Mvuvi anayelala baharini hana namna. Mama mwenye mtoto mchanga huona haya kusimama foleni moja na wanaume wanaomjua kaka yake.

Wanawake ndio wanaofichwa zaidi. Familia inayoweza kuvumilia kuonekana na kijana teja haiwezi kuvumilia kuonekana na binti teja, kwa hiyo huyo huachwa kwenye nyumba ya mwanamume anayemletea unga, na sindano mara nyingi hushikwa na mwanamume huyo, ambaye hujidunga kwanza. Tafiti zilizofanywa nchini zimekuta maambukizi ya virusi vya Ukimwi karibu asilimia 18 miongoni mwa wanaojidunga, zaidi ya mara tatu ya kiwango cha watu wazima kwa jumla, bila kuhesabu homa ya ini aina ya C, majipu ya kinena na mishipa iliyoziba. Mpango wa kugawa sindano safi ulipotangazwa mwaka 2012, viongozi wengi wa dini wa Pwani waliupinga kwa hoja kwamba ungechochea ulevi. Ninavyowaona wateja wangu, hakuna aliyeanza unga kwa sababu alipata sindano ya bure. Wako waliougua kwa sababu waliinyimwa.

Kuhusu ukubwa wa tatizo kwa jumla, NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ilifanya mwaka 2022 uchunguzi wa kitaifa ulioonyesha kwamba Mkenya mmoja kati ya sita wenye umri wa miaka 15 hadi 65 anatumia angalau kileo kimoja, pombe ikiongoza kwa mmoja kati ya wanane, na bangi ikiwa imefikia zaidi ya watu nusu milioni. Heroini ni sehemu ndogo ya hesabu hiyo, na ndiyo maana hupotea katika mazungumzo ya kitaifa, ilhali katika vichochoro vyetu ndiyo inayojaza makaburi. Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alipiga marufuku muguka, aina ya mirungi, katika kaunti yetu, Kilifi na Taita Taveta zikafuata, wakulima wa Embu wakaenda mahakamani, na Rais William Ruto akasema marufuku hiyo haina nguvu kwa kuwa zao hilo linatambuliwa kisheria. Ulikuwa mjadala mkali na siupuuzi, kwa sababu nimewaona watoto wa shule wakitafuna majani hayo wakiwa na sare. Ila nilistaajabu kuona jinsi jani linalotoka bara lilivyopata magavana, mawakili na Rais ndani ya wiki moja, wakati kijana aliyekatika pumzi nyuma ya soko hupata sanda tu.

Sheria nayo imeegemea upande mmoja. Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994, iliyoongezewa makali mwaka 2022, inafaa kwa wenye majahazi. Inapomshukia mwenye kete moja mfukoni, humpeleka rumande, ambako huingia arosto, hupoteza mazoea, na akaachiliwa akiwa tayari kwa kifo kile nilichokieleza. Isitoshe, hofu ya polisi huwafanya wenzake wamkimbie anapozidiwa, wakati ambapo dakika tano za mtu mwenye utulivu zingemwokoa.

Kwa hiyo niseme ninayowaambia kina mama wanaokuja dukani, kwa mpangilio ninaowaambia. Ukimkuta hapumui vizuri, usimnyweshe maziwa wala maji ya chumvi, kwa kuwa asiye na fahamu yatampalia. Usimdunge chochote na usimwache chini ya mfereji. Mwite kwa sauti, mwinue kidevu, na akiwa hapumui mpulizie pumzi kwa mdomo huku mwingine akitafuta gari. Akiwa anapumua, mlaze kwa ubavu. Hospitalini useme ukweli kwamba ni unga, kwa sababu iko dawa, naloksoni, inayoiondoa mofini kwenye ubongo na kurudisha pumzi kwa dakika chache, lakini haitolewi kwa anayeambiwa kwamba ana malaria. Dawa hiyo huisha nguvu kabla ya heroini kuisha mwilini, kwa hiyo mgonjwa akiamka na kutaka kwenda nyumbani, akataliwe mpaka aangaliwe saa kadhaa.

Na wakiniuliza pesa kidogo walizo nazo wazielekeze wapi, huwaambia wasizimalize zote katika arosto. Waweke kwanza nauli ya kliniki ya mwezi wa pili na wa tatu, wamtafutie mtu mmoja wa nyumbani ambaye kijana anaweza kumwambia “nimerudia” bila kupigwa, na mlango wa choo utolewe komeo la ndani. Hilo la komeo huwashangaza wengi, na wako waliochukia. Yule mama wa buibui alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama fundi wa Jumamosi angefaa, nikamwambia kwamba bisibisi inatosha.